Hatunaye Tena

Kengele ya saa tisa ilipolia, Chiriku alikuwa ameshafunga mkoba wake. Aliwapita wenzake mbio mbio, akafika kwenye kibanda cha mlinzi wa lango na kunyoosha mkono. Mlinzi alikuwa amemzoea. Alifungua droo na kumpa simu yake, maana sheria ya shule ilitaka simu zote zikae pale tangu asubuhi.

"Haya, mwandishi wa habari," alimtania. "Dunia yako hii hapa."

Chiriku alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba. Jina hilo alibandikwa na mama yake akiwa bado mdogo, kwa kuwa hakunyamaza hata pale alipojaza chakula mdomoni, nalo likamganda. Darasani alikuwa hodari, hasa katika insha. Lakini jambo akishalijua lilimwasha mpaka alitoe, na alilitoa kwa yeyote aliyekuwa karibu, awe anataka kusikia au hataki.

Ndiyo maana alipofungua ukurasa mtandaoni hakuna aliyeshangaa. Aliuita Mtaa Wetu Leo. Mwanzoni ulikuwa ukurasa mzuri, tuseme ukweli. Maji yakikatika, Chiriku alikwenda kuuliza yatarudi saa ngapi, kisha akaandika. Taa ya barabarani ikizimika, alipiga picha ya nguzo mpaka wahusika wakaona haya wakaja kuitengeneza. Mama yake, ambaye alikuwa msusi, aliwaonyesha wateja wake ukurasa huo huku amevimba kwa fahari.

Kisha sifa zikampanda kichwani. Chiriku akaanza kuhesabu. Kila saa alitazama ana wafuasi wangapi, na nani amependa nini. Alikuwa amefika mia tisa na themanini, na elfu moja ilikuwa inamwita. Mtaa wa nyuma kulikuwa na kijana mwenye ukurasa wa namna hiyo hiyo, na wiki iliyotangulia, duka la magodoro liliposhika moto, kijana huyo alirusha picha dakika nne kabla yake. Dakika nne tu! Siku mbili nzima chakula hakikumpita Chiriku vizuri. Aliapa kwamba hatapigwa bao kizembe namna ile.

Njia yake ya kwenda saluni kwa mama ilipita kwenye Nyumba ya Mafundi. Lilikuwa jengo lenye chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa mbao. Humo walifanya kazi fundi saa, fundi viatu, fundi miavuli, fundi pasi na fundi redio. Mlangoni palikuwa na meza ya Bi Daftari, mama wa makamo aliyepokea vitu vya wateja, akavifunga kwa karatasi na kuvipa nambari. Ukutani nyuma yake ulining'inia ubao mweusi, ambao kila asubuhi aliandika kwa chaki mafundi waliopo na wasiokuwepo, pamoja na simu zao. Chiriku alikuwa ameupita ubao huo mara chungu nzima bila kuusoma.

Aliyemvuta pale ni fundi redio. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani minene, asiyependa maneno mengi. Ndiye aliyeibadilisha kioo simu ya Chiriku ilipopasuka, akakataa hata asante ndefu. Alimwachia kigoda akae, asikilize redio zinazojaribiwa, moja ikisoma habari, nyingine ikikoroma. Wazazi wake fundi walikufa akiwa mtoto, akalelewa na dada yake mkubwa aliyeishi mji mwingine. Kila siku saa kumi na moja jioni dada huyo alimpigia simu kumuuliza kama amekula. Mtu mzima mwenye mvi anaulizwa kama amekula! Fundi aliweka vifaa chini, akajibu, "Ndiyo, dada, nimekula," hata siku ambazo Chiriku aliona kwa macho yake kwamba hajatia kitu mdomoni.

"Mbona unamdanganya, mjomba?" aliwahi kumuuliza.

"Ana shinikizo la damu," fundi alijibu. "Daktari amesema asipewe habari za kumshtua. Basi namlinda."

Alhamisi hiyo Chiriku alipochungulia mlangoni, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Meza ya fundi redio ilikuwa imefunikwa shuka jeupe kutoka mwanzo hadi mwisho, na kigoda kimepinduliwa juu yake. Hakuna redio iliyokuwa ikilia. Bi Daftari hakuwepo kwenye kiti chake. Chiriku aliinua macho, akausoma ubao. Palikuwa pameandikwa: "Fundi redio: HATUNAYE TENA."

Ndani alikuwamo fundi viatu peke yake, ameinama, anagongomea soli. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mzee," Chiriku alisema kwa sauti ya kukatika. "Fundi redio vipi?"

Fundi viatu alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, akaunyooshea ubao nyundo yake, kisha akarudia kugonga.

Machozi yalimtoka Chiriku, na yalikuwa machozi ya kweli. Alimpenda fundi redio. Lakini chini ya machozi hayo, na hapa ndipo panapouma, palikuwa na wazo jingine lililokuwa likichemka: hakuna aliyeiandika bado. Alifuta uso kwa kiganja, akainua simu, akapiga picha ya ubao na ya meza yenye shuka jeupe. Halafu akasimama pale pale kizingitini, akaandika.

"TANZIA. Fundi redio wetu mpendwa hatunaye tena. Amefariki leo baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari zimethibitishwa. Pumzika kwa amani."

Kuugua kwa muda mfupi alikutoa wapi? Alikutoa kwenye tanzia nyingine alizowahi kuzisoma, maana nyingi zilisema hivyo. Zimethibitishwa na nani? Hilo hakujiuliza. Aliona tu kwamba maneno hayo yanaifanya habari isimame vizuri, akabonyeza.

Kabla hajavuka barabara, watu arobaini walikuwa wameshaisambaza. Alipofika kwenye mlango wa saluni walikuwa mia mbili na zaidi, na ukurasa wake ulikuwa umevuka wafuasi elfu moja. Aliingia analia huku jicho moja likiwa kwenye simu.

Mama yake alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja umesukwa na mwingine umetimka.

"Mama, fundi redio amefariki."

Kitana kilimponyoka mama mkononi. "Nini? Nani kasema?"

"Imeandikwa ubaoni."

"Jana jioni si kanipungia mkono hapo nje! Amekufa na nini?"

"Ameugua kwa muda mfupi."

"Nani kakwambia kaugua?"

Kabla Chiriku hajajibu, yule mteja aliinua simu yake kutoka mapajani.

"Ni kweli, shoga," alisema. "Hata mimi nimetumiwa sasa hivi, tena na makundi mawili tofauti. Kundi moja likikosea, mawili yatakosea? Ona."

Mama aliinama akatazama. Ilikuwa picha ya ubao na ya shuka jeupe, na juu kabisa jina: Mtaa Wetu Leo.

"Hii si ni ya mwanangu mwenyewe?" mama aliuliza taratibu. Hakungoja jibu. Alivua aproni, akamshika Chiriku mkono, wakatoka, na mteja akabaki mbele ya kioo na nusu ya kichwa.

Bi Daftari alikuwa amerudi, ana boksi jipya la chaki mkononi.

"Poleni sana, dada yangu," mama alisema huku akihema. "Tumepata msiba."

"Msiba gani tena? Kafa nani?"

"Si fundi redio?"

Bi Daftari alimtazama, kisha akacheka. "Fundi redio yuko kwenye basi! Saa nane kanipigia kuuliza kama yule mwenye spika amekuja. Amekwenda kwa dada yake, kesho anampeleka kwa daktari."

"Na huu ubao?"

"Ubao umefanya nini? Jumatatu hakuja, nikaandika hatunaye. Leo hakuja tena, nikaandika hatunaye tena! Wateja hawaniachi nikapumua, kila mmoja anadhani nimemficha uvunguni. Mara ya pili wiki hii. Ndiyo maana nikaandika tena!"

Mama alifumba macho. Fundi viatu aliacha kugonga, akatema misumari sita kiganjani.

"Huyu mtoto alikuja hapa," alisema. "Kaniuliza fundi vipi. Mimi nina misumari mdomoni, ningesema nini? Nilitikisa kichwa kumwambia hayupo, nikamwonyesha ubao asome. Kwani imekuwaje?"

"Na macho yako?" Chiriku alinong'ona. "Ulikuwa unalia."

"Gundi hii!" fundi viatu alisema, akainua kopo. "Kila siku inanitoa machozi."

Chiriku alifungua ukurasa na kuifuta ile tanzia. "Nimeifuta, mama," alisema haraka. "Imeshafutika. Haipo. Kweli, mama, tazama, haipo."

Wakati huo simu ya Bi Daftari ikalia. Aliitazama, akatabasamu. "Haya, marehemu mwenyewe huyu anapiga," alisema, akaiweka sikioni. Tabasamu halikudumu. Alisikiliza kwa muda mrefu, mkono wake mwingine ukitafuta kiti.

Mambo yalikuwa yameenda hivi. Mpwa wa fundi, binti wa yule dada, alikuwa nyumbani na mama yake wakimsubiri mgeni wao. Tanzia iliingia kwenye kundi la ndugu. Binti alipiga ukelele. Mama yake akauliza kuna nini, na binti, badala ya kuuliza kwanza, akamkabidhi simu. Yule mama aliiona meza anayoijua, na juu yake shuka alilolishona kwa mikono yake ili kuzuia vumbi. Alianguka pale pale. Ndipo binti akakumbuka kuipiga nambari ya mjomba wake, nambari ambayo ilionekana wazi kabisa ubaoni kwenye picha ile ile. Fundi alipokea simu ilipolia mara moja tu, akasema, "Haloo, tumebakiza vituo viwili."

"Wamemkimbiza hospitali," Bi Daftari aliwaambia, mkono ukiwa juu ya simu. "Anauliza ni nani aliyeiandika."

Chiriku alitazama sakafu. Mama yake alinyoosha mkono, akaichukua ile simu.

"Ni mwanangu, kaka," alisema. "Ni Chiriku."

Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba wote waliisikia sauti ya upande wa pili. "Chiriku?" fundi aliuliza, kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Halafu simu ikakatika.

Dada yake fundi hakufa. Alipata kiharusi. Daktari alisema damu ilipasua mshipa kichwani, na kwamba mkono na mguu wa kulia haifanyi kazi. Mdomo ulipinda upande, na maneno yakapotea. Aliwaelewa watu, aliwatambua, lakini alipotaka kusema alitoa sauti tu.

Jioni ile ile ya Alhamisi, Chiriku aliketi mezani nyumbani, mama yake pembeni, akaandika: "Fundi redio yu hai. Hakuugua. Hakuna aliyenithibitishia. Niliandika jambo nisilolijua, na dada yake amelazwa kwa sababu hiyo. Naomba kila aliyesambaza habari yangu aisambaze na hii." Tanzia ilikuwa imesambazwa mara mia sita na arobaini kabla hajaifuta, na nakala zake bado zilikuwa zinatembea. Masahihisho, baada ya siku tatu, yalikuwa yamesambazwa mara kumi na moja. Mtu mmoja aliandika chini yake, "Sasa mbona hamtupi habari kamili?" Mwingine akaweka kikaragosi kinachocheka.

Jambo moja lilimchoma kuliko yote. Yule kijana wa mtaa wa nyuma alitengeneza video ya kumsimanga, na watu wakamiminika kuja kumtazama huyo mtoto aliyemzika mtu mzima. Wafuasi wa Chiriku wakafika elfu moja mia sita. Elfu aliyoililia wiki mbili ilikuja na chenji yake juu, na ilikuwa chungu kama shubiri. Alitaka kuufunga ukurasa, mama akamkatalia.

"Hapana. Kufunga ni kukimbia. Masahihisho yakae hapo juu yaonekane. Mwezi mzima. Kisha utafunga."

Fundi redio alirudi baada ya wiki mbili na nusu, amekonda zaidi. Alikuwa amemleta dada yake akae naye, kwa kuwa binti asingeweza kumhudumia peke yake na kazi yake. Mtaani watu walimshangaa. Muuza magazeti alimwona akapiga hatua nyuma. Wateja wanane walikuwa wameshakuja kuchukua redio zao zikiwa mbovu vilevile, na mmoja wao alikuwa ameshaipeleka yake kwa fundi mwingine.

Mama alimpeleka Chiriku siku hiyo hiyo. Kigoda kilikuwa pale pale, lakini safari hii hakuambiwa akae. Alisimama mbele ya meza, maneno yote aliyoyapanga yakamyeyuka. Alilia tu.

"Nisamehe, mjomba."

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa akiuchomelea. "Machozi yako sitaki, Chiriku," alisema. "Nimeyaona mengi wiki hizi. Umeshaandika masahihisho mtandaoni?"

"Ndiyo, mjomba. Siku ile ile."

"Wamesoma wangapi kati ya wale wa kwanza?"

"Sijui. Wachache."

"Wachache." Aliweka chini kifaa chake, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Bi Daftari na mama yako wameniandikia majina ya watu wa mtaa huu walioisambaza, wale tunaowajua. Ni arobaini na watatu. Nenda kwa miguu. Mlango kwa mlango. Mwambie kila mmoja kwa mdomo wako kwamba sikufa, na kwamba aliyesema nimekufa ni wewe. Kuandika hakukuchoshi, nimeona. Basi tembea."

Chiriku alitembea siku kumi na moja, kila siku baada ya shule, na mama yake akisimama hatua chache nyuma yake. Kulikuwa na milango ambayo alitamani isifunguliwe. Wengine walimkaripia mbele ya watoto wao, wengine walimcheka. Mzee mmoja alimfokea nusu saa nzima juu ya watoto wa siku hizi, na alipomaliza, Chiriku aliona kwenye simu ya mzee huyo kwamba yeye aliituma ile tanzia kwa makundi saba.

"Mimi nilisambaza tu," mzee alisema. "Kama nilivyoletewa."

Neno hilo alilisikia mpaka likamtoka masikioni. Mimi nilisambaza tu. Kama nilivyoletewa. Kijana wa mtaa wa nyuma naye alilisema huku akitafuna bazoka, akaongeza, "Wewe ndiye uliyeandika, dogo, usitutwishe mzigo." Na kweli, ni Chiriku aliyeandika. Katika watu wote arobaini na watatu, ni mmoja tu, muuza matunda, aliyeketi kwenye kreti lake akashika tama.

"Nambari yake ilikuwa hapo hapo kwenye picha," alisema. "Niliiona. Nikasema niipige ya nini, mtu si keshakufa? Nikatuma kwa ndugu zangu wote. Dada yake anaendeleaje?"

"Bado haongei," Chiriku alijibu.

Muuza matunda alichagua machungwa matano makubwa, akayatia kwenye mfuko. "Mpelekee. Mwambie yametoka kwangu, na mwambie na mimi nimo."

Hivyo ndivyo Chiriku alivyofika nyumbani kwa fundi, Jumamosi asubuhi, na mfuko wa machungwa mkononi. Mama yake alibaki nje. "Hapa ingia mwenyewe," alimwambia.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Dada yake fundi alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa kwa mito, mkono wa kulia umelazwa juu ya shuka kama kitu kisicho chake. Fundi alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko, akimfuta kidevu kila baada ya kijiko kimoja.

"Shikamoo, bibi," Chiriku alisema.

Yule bibi aligeuza kichwa. Alifungua mdomo kuitikia, na hakuna kilichotoka. Tangu azaliwe, ukitoa siku ile ya fundi viatu, Chiriku alikuwa hajawahi kuamkia mtu mzima akakosa marahaba, na hakujua aweke wapi mikono yake. Bibi akajaribu tena. Shingo ilimsimama mishipa, mdomo ukavutika upande wa kushoto.

"Nnn," alisema. "Nnn..."

Chiriku hakuweza kuvumilia kumwona akitaabika. "Nini, bibi?" alisema haraka haraka. "Nikupe maji? Nimwite jirani? Ninyanyue mto? Unataka—"

"Usimmalizie!" fundi alisema.

Hakupaza sauti, lakini Chiriku aliruka. Fundi aliweka bakuli chini.

"Usimmalizie maneno. Hujui anataka kusema nini, na mimi sijui. Watu wote wanaokuja hapa wanamjazia. Yeye akianza kusema, mmoja anampa maji, mwingine anamfungulia dirisha, na yeye hakutaka hilo wala hili. Hicho ndicho ulichonifanyia mimi pia. Uliona nusu ya jambo, nusu nyingine ukaitunga mwenyewe. Keti. Ngoja aseme."

Chiriku aliketi ukingoni mwa kitanda. Walingoja. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, na ufagio ulisikika ukifika mwisho na kurudi. Bibi alipumzika, akajikusanya, akaanza upya. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Ilichukua dakika nyingi, na Chiriku alizikaa zote, meno yameuma ulimi.

"Na," bibi alisema hatimaye. "Na... ni?"

Aliuliza nani. Alitaka kujua huyu mtoto aliyeingia chumbani mwake ni nani.

Chiriku alimtazama fundi. Macho yalimwomba amsaidie, aseme yeye, au angalau atafute neno la kulainisha. Fundi alichukua bakuli, akaanza kukoroga uji.

"Ni mimi niliyeandika kwamba mjomba amekufa," Chiriku alisema. "Sikuwa najua. Sikumpigia simu. Niliandika tu, nikasema zimethibitishwa, na hakuna aliyenithibitishia. Nisamehe, bibi. Machungwa haya yametoka kwa muuza matunda. Amesema na yeye yumo."

Bibi alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu sana, jicho moja kavu na jingine likivuja chozi, na jicho hilo lilikuwa likivuja tangu kiharusi, kwa hiyo hata chozi lenyewe halikumwambia Chiriku kitu. Kisha aligeuzia uso ukutani, akafumba macho. Mkono wake wa kushoto ulimtafuta mdogo wake, ukalishika shati lake.

Fundi alimsindikiza Chiriku mpaka mlangoni.

"Daktari anasema maneno yanaweza kurudi, kidogo kidogo," alimwambia. "Anasema pia yanaweza yasirudi. Akisema lolote, nitakwambia alivyosema. Umetembea milango yote, nami nimeridhika na hilo. La kwake ni lake, siwezi kukujibia." Akaingia ndani kummalizia dada yake uji.

Mama alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Alimwona mwanawe anavyotoka, akamfungulia mkono, wakaanza kutembea.

"Enhe," aliuliza baada ya hatua chache. "Amekusamehe?"

Chiriku aliwaza. Ingekuwa vizuri kusema ndiyo. Mama angelala vizuri, saluni nzima ingefurahi, na muuza matunda angepata la kumpoza. Na nani angejua? Bibi mwenyewe hana ulimi wa kukanusha.

"Hajasema, mama," alijibu.

Mama alimkaza mkono. "Basi wakikuuliza, na watakuuliza, wajibu hivyo hivyo. Hajasema. Usiongeze, usipunguze. Ulichokisikia kiseme. Usichokisikia kaulize. Na kama mwenye kujua hajajibu, nyamaza umngoje, hata akikuweka mwaka."